Kawawa wa Sinema na Kawawa wa Serikali

Kijana wa Ogembo, katika Kaunti ya Kisii, hahitaji kufunzwa maana ya mhusika mkuu. Kibanda cha video kilimfunza zamani kwamba huyo ndiye "akta", na akta hafi kabla ya filamu kwisha. Lakini aulizwe kijana huyo, au hata mwalimu wake wa fasihi, ni nani aliyekuwa akta wa filamu za mwanzo za Kiswahili, na aghalabu jibu litakuwa kimya. Alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962.

Kawawa, mzaliwa wa Songea, alisoma Tabora, akaiacha nafasi ya kwenda Makerere ili awasomeshe wadogo zake, kisha akaajiriwa serikalini. Kazi ya ustawi wa jamii ndiyo iliyomkutanisha na kamera. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili kwa watazamaji Waafrika. Ndipo zilipotokea "Muhogo Mchungu", "Chalo Amerudi" na nyinginezo, naye Kawawa akawa nyota wake.

"Muhogo Mchungu" inastahili kutazamwa kwa jicho la mhakiki. Mtu wa shamba anaingia mjini, anakutana na walaghai, anatapeliwa. Dhamira haijifichi: mji si mahali pa Mwafrika wa kawaida. Mkoloni alikuwa na haja na dhamira hiyo, kwani hakupenda Waafrika wajazane Dar es Salaam. Ajabu ni kwamba mwigizaji mwenyewe hakuitii. Kufikia mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, akiwaunganisha vibarua na makarani wa mji ule ule aliokuwa amewatahadharisha watu nao. Ajabu ya pili ni chungu zaidi. Mwaka 1983, Kawawa akiwa Katibu Mkuu wa CCM, kampeni ya Nguvu Kazi iliwakusanya wasio na kazi mijini ili warudishwe mashambani. Sinema ya mkoloni ilikuwa imekwisha miaka 30 nyuma, ila hadithi yake ilikuwa bado inaigizwa, safari hii pasipo kamera.

Wataalamu wa isimujamii humtaja Kawawa kwa jambo moja: agizo lake la Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Ni haki yake. Hata hivyo, ni nadra mtu kuuliza imani hiyo katika lugha ilikomaa wapi. Nyerere hutajwa kila mara kwa kuifasiri "Julius Caesar" ya Shakespeare, na kazi hiyo husomwa kama sehemu ya fikra zake. Mbona uigizaji wa Kawawa uhesabiwe kama mchezo wa ujana?

Yupo atakayesema kwamba filamu hizo zilikuwa propaganda tupu. Naam, zilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa. Lakini "Uhuru wa Watumwa" ya James Mbotela, iliyochapishwa mwaka 1934, nayo inamsifu Mwingereza bila haya, na bado hakuna historia ya riwaya ya Kiswahili inayothubutu kuiruka. Tofauti ni kwamba Mbotela aliandika kitabu, na Kawawa alisema mbele ya kamera. Idara zetu zimezoea kuamini karatasi. Ukanda wa filamu ukichakaa hakuna anayeomboleza.

Upofu huo haujaisha. Katika vibanda vya video, filamu za Kihindi na za Kichina zimesimuliwa kwa Kiswahili na madijei tangu miaka ya 2000, kwa mzaha, methali na majina ya kubandika. Watazamaji wa Ogembo, ambao lugha yao ya nyumbani ni Ekegusii, huyakariri maneno hayo njiani kuelekea nyumbani. Ni tasnifu ngapi za uzamili zimeyanukuu?