Nani Anamaliza Intaneti Humu Ndani?

Hivi wewe na mwenzio mmeshawahi kununiana siku mbili kwa sababu ya Wi-Fi? Mimi na Baba Neema tumeshafika huko, tena mwezi uliopita tu.

Alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video. Kazi nzuri, ya aina ile ambayo mtu huisubiri miaka. Dakika ya kumi picha ikaganda, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, halafu kimya. Bahati nzuri wale waajiri walikuwa waungwana, wakampangia Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ila alipotoka chumbani nikajua kesi ni yangu.

"Mama Neema, wewe ndiye unayemaliza intaneti humu ndani."

Nami, badala ya kumpa pole, nikamjibu kwamba shida ni mkweche wake. Laptopu hiyo aliinunua mwaka 2012 kwa mshahara wake wa kwanza. Neno lile lilimuuma, nililiona usoni.

Jumapili, mtoto akiwa kwa bibi yake, tukaacha maneno tukapima. Masharti tuliwekeana: meza ileile, laptopu moja ikiwa kazini nyingine imezimwa, simu zote zitoke kwenye Wi-Fi, kila mmoja apime mara 3. Ukipima mara moja tu unajidanganya, maana kasi inapanda na kushuka.

Kifurushi chetu ni cha Mbps 20. (Hizo ni megabiti jamani, siyo megabaiti! Gawanya kwa 8 ndipo utajua faili lako litashuka kwa kasi gani. Kwetu ni megabaiti 2.5 kwa sekunde.) Yangu ikatoa 19, 18, 19. Yake 4, 6, 3.

Nikaanza kutabasamu. Mwenzangu hakusema kitu, akachukua waya, akaichomeka laptopu yake moja kwa moja kwenye ruta. 19! Tabasamu likaniisha.

Kumbe kompyuta ni nzima, kilichozeeka ni kipokezi chake cha Wi-Fi. Kinapokea masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na humo ndimo karibu ghorofa zima limejazana, pamoja na Bluetooth na hata maikrowevu za majirani. Yangu inatumia pia gigahezi 5, ambako kuna nafasi zaidi, ingawa mawimbi yake hayapendi kuta. Na ruta yenyewe tulikuwa tumeificha nyuma ya televisheni ili sebule ipendeze. Wazo langu hilo, nakiri. Tulipoipandisha juu ya kabati, yake ikafika 11.

Sasa hapo ndipo palipoanza kunikereketa. Mazungumzo ya video ya watu wawili hayahitaji hata Mbps 5. Kwa nini basi usaili ulikatika kabisa?

Tukawasha laptopu zote mbili kwa pamoja, kama siku ile. Safari hii tukatazama namba ya kupakia, ambayo wengi wetu tunairuka. Yake peke yake ilikuwa 9. Nilipofungua yangu ikaanguka chini ya 1. Nikaingia kwenye mipangilio na moyo ukinidunda: picha za jarida, mamia kwa mamia, zilikuwa zinajipakia zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni kila ninapoifungua. Siku ya usaili nilikuwa nimetoka kupiga picha za jalada. Sura na sauti ya mume wangu vilikuwa vinagombania mlango mmoja na picha za magauni.

Nilimwomba msamaha palepale. Hakucheka, alisema tu, "Basi usiiite mkweche tena."

Alhamisi alikaa na waya wake, mimi jikoni na laptopu imefungwa, simu natumia bando langu mwenyewe. Dakika 50 bila kukatika. Majibu bado hayajatoka. Nimeshamnunulia kile kipokezi kidogo cha USB kinachoshika masafa yote mawili, bei yake haikufika hata robo ya laptopu mpya. Na kupakia picha sasa ni saa 6 usiku, watu wakiwa wamelala.