Visima vya Owino Uhuru visingoje tena

Mahakama ya Juu iliporejesha fidia ya Sh1.3 bilioni kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, mnamo Desemba 2024, wengi walishangilia, na haki yao kushangilia. Kesi hiyo ilikuwa imepanda kila ngazi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi ushindi Julai 2020, na Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha fidia hiyo Juni 2023. Hata hivyo, fidia ni ya watu. Maji yaliyo chini ya mtaa huo yahitaji mfuko wake.

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichokuwa hapo kilifungwa mwaka 2014, baada ya kampeni ya Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake na ambaye mwanawe mchanga alipatikana na sumu ya risasi mwilini. Tanuri lilizimwa, lakini risasi haiozi wala haichakai. (Lugha yetu imeipa metali hii jina moja na kile kitokacho mtutuni mwa bunduki, na sidhani kuwa imekosea.) Kwa kawaida hushikamana na udongo wa juu. Inapokutana na tindikali ya betri, hulegea, na mvua huweza kuiteremsha hadi kwenye maji ya visima. Haina rangi wala harufu humo. Jicho la mama anayeteka maji haliwezi kuiona.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mkemia, lakini jambo hili linaingia darasani mwetu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua: hupunguza uwezo wa kujifunza na wa kumakinika, na huweza kuathiri usikivu wake na usemi wake. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwalimu huweza kumwita mtoto kama huyo mzembe, akamchapia kosa lililotendwa na tanuri.

Kupima kisima mara moja hakutoshi. Maji ya ardhini husafiri polepole, na hupanda na kushuka kwa majira. Sampuli ya kiangazi yaweza kusema hivi na ya masika ikasema vingine. Yafaa kupima visima vingi, vya karibu na vya mbali, kwa miaka kadhaa. Hiyo ni gharama ya kudumu, na ndipo serikali zetu hupenda kunyamaza.

Mwaka 2020 mahakama iliamuru udongo na maji yasafishwe katika muda wa miezi minne, la sivyo zilipwe Sh700 milioni za kuifanya kazi hiyo. Miezi minne ikamezwa na miaka ya rufaa. Wakati huo wote sheria ya mazingira ya 1999 ilikuwa imekwisha kuanzisha Mfuko wa Taifa wa Kurejesha Mazingira, utumike pale mchafuzi asipojulikana au hali isiyo ya kawaida inapolazimu serikali kuingilia kati. Iwapo Owino Uhuru si hali isiyo ya kawaida, basi maneno hayo hayana maana, nami nimelipwa miaka mingi kuchunguza maana za maneno.

Marekani ilianzisha mfuko wa aina hii mwaka 1980, ikiutoza kodi ya kampuni za mafuta na kemikali. Kodi hiyo ilipokoma mwaka 1995, mzigo ukawageukia walipa kodi wa kawaida, hadi iliporejeshwa kwa sheria za 2021 na 2022. Tujifunze hapo: mfuko usio na chanzo cha fedha ni jina tu.

Kwa hiyo, Waziri wa Fedha atakaposoma makadirio mwezi Juni, atutajie kiasi kilichotengewa visima vya Owino Uhuru, na dhamana ambayo kila mwenye kiwanda kipya cha betri ataweka kabla ya kuwasha moto. Fedha hizo zitumike sasa, kisha serikali iwadai wahusika. Na majibu ya maabara yabandikwe katika afisi ya chifu na mlangoni pa kila shule ya jirani, kwa Kiswahili, kisima kwa kisima: hiki kinyweke, hiki kifungwe.