MAMBO YA ULIMWENGU: Karani Mwaminifu wa Bonn

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ukweli wa maneno hayo ulionekana katika Ujerumani mwaka wa 1974, siku alipokamatwa karani mmoja aliyesifiwa na wote kwa bidii ya kazi.

Tangu mwaka wa 1949 Ujerumani ilikuwa imegawanyika kuwa dola mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Watu wake walisema lugha moja na kuitwa majina yale yale; kwa hiyo mpelelezi wa Mashariki aliyetumwa Magharibi hakuwa na haja ya kujifunza lugha wala kugeuza desturi zake. Tena watu wengi sana walikuwa wakiikimbia Mashariki kila mwaka. Nani angeweza kumpambanua mkimbizi wa kweli na wa uongo?

Miongoni mwa wakimbizi wa mwaka wa 1956 walikuwamo Günter Guillaume na mkewe Christel. Walifungua duka dogo la kahawa na tumbaku mjini Frankfurt. Mwaka wa 1957 Bwana Guillaume alijiunga na chama cha Social Democrats, akapanda ngazi polepole, hata mwaka wa 1970 akapata kazi katika ofisi ya Kansela, yaani Waziri Mkuu, mjini Bonn. Mwishoni mwa mwaka wa 1972 alikuwa msaidizi wa Kansela mwenyewe, akimpangia safari na kumchukulia barua.

Kansela huyo alikuwa Willy Brandt, mtu aliyetaka kupatana na majirani. Mwezi wa Machi 1970 alikwenda Erfurt, katika nchi ya Mashariki, kuonana na Waziri Mkuu Willi Stoph. Mwaka wa 1971 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani, na Desemba 1972 dola hizo mbili zikatia sahihi mkataba wa ujirani.

Wakubwa wa Mashariki walimhitaji sana Bwana Brandt. Aprili 1972 wapinzani wake Bungeni walijaribu kumwondoa, wakapungukiwa kura mbili tu. Markus Wolf, aliyekuwa mkuu wa wapelelezi wa Mashariki, aliandika miaka mingi baadaye kwamba mjumbe mmoja wa upinzani alilipwa mark 50,000 ili asimwangushe Kansela.

Basi karani alifichuliwaje? Kwa salamu za upole. Katika miaka ya 1950 wakubwa wake walimpelekea kwa redio, kwa mafumbo ya tarakimu, pongezi za siku ya kuzaliwa kwake na za kuzaliwa kwa mwanawe. Walinzi wa Magharibi waliyafumbua mafumbo hayo na kuyaweka katika majalada. Mwaka wa 1973 walizilinganisha tarehe zile na tarehe za jamaa ya Guillaume, nazo zikapatana. Bwana Brandt aliarifiwa, lakini akashauriwa amwache mtu huyo kazini ili ushahidi upatikane. Hivyo wakati wa mapumziko ya Norway, mwaka ule ule, simu za siri za Serikali zilizidi kupita mikononi mwa Guillaume.

Alikamatwa tarehe 24 Aprili 1974, akatamka waziwazi kwamba yeye ni askari ofisa wa Mashariki. Tarehe 6 Mei Bwana Brandt aliandika barua ya kujiuzulu. Hapo kabla alikuwa amekwisha kuchoka, na ndani ya chama chake mlikuwa na ugomvi. Lakini jambo la karani ndilo lililomwangusha.

Ni nani aliyefaidika? Mashariki ilimpoteza Kansela yule yule iliyejitahidi kumhifadhi, na Bwana Wolf mwenyewe alikiri kwamba lilikuwa kosa kubwa. Hata hivyo mkataba haukuvunjika: tarehe 2 Mei, siku nane baada ya Guillaume kukamatwa, kila upande ulifungua ofisi ya wajumbe wake katika mji mkuu wa mwenzake. Guillaume alihukumiwa kifungo cha miaka 13, na mwaka wa 1981 akarudishwa kwao kwa kubadilishana na wafungwa wengine.

Mwaka wa 1990 dola mbili zile zikawa moja, na Bwana Brandt, aliyekufa mwaka wa 1992, aliiona siku hiyo. Jirani aweza kumchungulia jirani dirishani miaka mingi. Lakini mambo yao hayatengenei mpaka wapitie mlangoni na kuketi pamoja.