Maembe Yaoza, Nasi Twanunua Kuni



Kwetu Makueni, msimu wa maembe ukifika, mabroka huchagua yale makubwa, mengine yakaachwa chini ya mti. Januari nilimkuta nyanya akiyazoa kwa koleo ayatupe shimoni. Nyanya huyo ndiye hunilipia karo. Kurudi hapa shuleni nakuta lori linateremsha kuni jikoni, na bei yake imo katika karo iyo hiyo. Jamani!

Udongo tunaoukanyaga umejaa bakteria. Mmoja wao, Clostridium acetobutylicum, hula wanga na sukari mahali pasipo hewa, akatoa asetoni, butanoli na ethanoli, kwa kadiri ya 3 kwa 6 kwa 1. Butanoli huweza kuendesha injini ya petroli. Msidhani ni hekaya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Chaim Weizmann, mkemia wa Manchester, alimtumia bakteria huyo kuipatia Uingereza asetoni ya kutengenezea baruti. Mahindi yalipokuwa adimu mwaka 1917, watoto wa shule waliombwa kuokota mbegu za miti zisizoliwa na watu ili zitumiwe badala yake. Watoto wa shule, si maprofesa!

Mwenzangu mmoja bwenini alinicheka: "Wewe, butanoli utaitoa wapi na maabara yenyewe haina hata gesi?"

Hapo ana neno. Butanoli ni sumu kwa bakteria yule yule anayeitengeneza. Kabla haijafika asilimia 2 huwa ameshalegea. Kinachobaki ni maji matupu karibu yote, na kuyachemsha ili uipate kunakula moto mwingi. Basi mimi sisemi tuanze na butanoli. Tuanze na hiyo gesi anayoililia. Vijidudu wa methani wamo tumboni mwa ng'ombe, na jamaa zao wamo katika matope ya vinamasi. Kazi yao ni kumalizia uozo. Ila maganda ya matunda peke yake huleta asidi nyingi, wakagoma. Lazima samadi iwe nyingi kuliko maganda.

Ng'ombe tunao wanne. Maganda ya machungwa na ndizi hujaza pipa kila Jumapili, nzi ndio wanaofaidi. Kuchimba tutachimba wenyewe, nimekwisha kuandikisha majina 22. Tunangoja ruhusa ya ofisi na mifuko ya saruji.