DAWA YA KUNI MBICHI NI JUA, SI PLASTIKI

Mvua za masika zikianza hapa Maseno, kuni huwa taabu tupu. Mpishi hupuliza mpaka machozi yanamtoka, na moto hauwaki ng'o! Hapo ndipo watu huanza kuutilia moto "dawa": mafuta taa, mfuko wa mkate, kipande cha tyubu ya baiskeli, hata champali iliyokatika. Moto unaruka juu, wenyewe wanashangilia. Mimi naipinga desturi hii.

Kwanza, dawa hiyo haitibu kitu. Mti uliokatwa juzi huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Yaani mzigo wa kilo 10 una maji kama kilo 5! Lazima moto uyakaushe hayo kabla ya kuchemsha sufuria yako ya nyoyo. Plastiki ikiisha kuungua, gogo ni bichi vilevile na moshi unarudi.

Pili, kuna sumu. Mpira na plastiki vikiungua hutoa gesi mbaya, na baadhi ya plastiki hutoa daioksini zinazoweza kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa, mafuta taa na mfano wake, ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka wa 2020. Je, tuuongezee mpira? Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini mifuko ya mkate na pakiti za maziwa bado huishia jikoni.

Tatu, fikirieni jivu. Nguzo nyingi za stima hutiwa dawa ya mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Ukichoma vipande vyake, sumu hiyo hubaki jivuni. Jivu hilohilo humwagwa kwenye sukuma wiki! Na ile chumvi ya kienyeji ya kulainishia mrenda na kunde, si huchujwa kutoka kwa jivu? Tunachotia motoni tutakila mezani.

Kuna atakayeniuliza, "Mbona Wazungu hutia unga wa kemikali katika majiko yao ya kupasha nyumba joto?" Ni kweli, unga huo huuzwa ili kupunguza masizi kwenye bomba la moshi. Lakini haukaushi kuni, na bomba bado lazima lisafishwe. Hata huko, ushauri wa kwanza ni kuchoma kuni kavu.

Basi tufanyeje? Tupasue kuni Januari, jua likiwa kali. Tuzipange chini ya paa, upepo upite katikati. Za kesho zikae karibu na jiko tangu leo. Za kuwashia ni magunzi na vijiti vikavu, navyo ni vya bure.

Wenzangu, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Likizo ijayo kila mmoja wetu ajenge kibanda kidogo cha kuni nyumbani. Mama zetu wana mapafu mawili tu, na hayauzwi sokoni Luanda wala Kisumu.