Stara si Kuyaficha Maradhi

Ndugu zetu katika imani, wapo mama zetu wanaoikosa tarawehe msikitini si kwa uvivu bali kwa hofu. Wakikohoa, wakicheka au wakiinuka kutoka katika sijida, mkojo huwatoka na udhu hutenguka. Wengi hunyamaza, wakidhani kuwa hiyo ndiyo ada ya uzazi na utu uzima.

Sisi tunasema haya ni maradhi, na Mtume (SAW) ametuamrisha tujitibu. Siyo fistula, ambayo mkojo huvuja bila kukoma. Hapa misuli ya nyonga inayoushikilia mrija wa mkojo ndiyo iliyolegea. Tiba huanza kwa mazoezi ya kuikaza misuli hiyo kila siku, kwa uchache miezi 3. Yasipofaa, upo upasuaji: kuinyanyua shingo ya kibofu kwa nyuzi, au kuuegemeza mrija kwa ukanda uliotwaliwa katika mwili wa mama mwenyewe. Upo pia utepe wa plastiki, ambao nchini Uingereza uliwekewa kizuizi Julai 2018, baada ya wanawake wengi kulalamikia maumivu makali.

Basi mama na aulize kabla ya kutia saini: nitawekewa nini, na kikinidhuru chaweza kutolewa? Nanyi waume, msimwache aende peke yake. Stara ni kumsitiri mgonjwa, wala si kuyaficha maradhi mpaka yamtenge na watu.

Wabillahi tawfiq.