Fimbo ya kipima mionzi si ushamba

Wadau, juzi hapa hosteli nilisema ningepewa kipima mionzi, kwanza ningekitengenezea mpini mrefu. Watu wakacheka! Eti mashine ya mamilioni uifunge kwenye bomba la maji? Ndiyo, uifunge. Tena kumpa mfanyakazi kichwa cha kupimia chenye kishikio cha shubiri moja halafu umwambie "uwe makini" mimi naita dharau.

Mnakumbuka Australia, Januari 2023? Kidonge cha sesiamu-137, urefu milimita 8 tu, kilidondoka kutoka kwenye lori katika safari ya kilomita 1,400. Kilipatikana Februari 1, pembeni mwa barabara. Ilielezwa kwamba ukiwa mita moja kutoka kwenye kidonge kile unapata kama milisiveti 1.6 kwa saa. Sasa piga hesabu tuliyokariri sekondari: mionzi hupungua kwa mraba wa umbali. Mita mbili, 0.4. Sentimita 30, karibu 18! Jamani, hiyo ndiyo tofauti ya kuinamia kitu na kukinyooshea fimbo. Na lile koti la risasi la chumba cha eksirei, kwa gama za sesiamu halisaidii kitu.

Ila si kila fimbo ni fimbo. Iwe nyepesi, maana kichwa kizito mwishoni mwa mita moja na nusu kinaua mkono. Waya ufungwe vizuri, usining'inie ukanasa. Ukiurefusha, jaribu upya kwa chanzo unachokijua, usiiamini sindano hivi hivi. Kwa alfa ndiyo kazi kweli: haivuki hata sentimita 10 za hewa, kwa hiyo kichwa kiisogelee sakafu kama sentimita moja, lakini kikigusa tu, kile kidirisha chembamba kinapasuka. Weka kizuizi mbele. Ukikivisha mfuko wa plastiki kisichafuke, alfa haipiti. Utasoma sifuri juu ya sakafu chafu.

Sasa sisi walimu watarajiwa tunachora fomula ubaoni, kengele inalia, basi. Kwa nini kidato cha nne wasipewe bomba, tochi na simu yenye programu ya kupima mwanga? Mwanga wa tochi ndogo nao unapungua karibu vile vile, na hauunguzi mtu. Nikienda field hii ijayo nafanya hivyo. Anayebisha aje na hesabu, chumba anakijua.